Somo: Jinsi ya kujitambua ukiwa ndani ya ndoto

Ndugu zangu wa Goma, wengi mmeuliza kama mtu anaweza kuota na papo hapo akajua kuwa anaota, bila kuamka. Anaweza, na hahitaji kidonge wala hirizi. Mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimpima Alan Worsley, mtu aliyezoea kujitambua ndotoni, akiwa usingizini. Walipatana kwamba akijitambua ndotoni apeleke macho kushoto na kulia mara kadhaa, na mashine ikazinasa alama hizo wakati mwili umelala fofofo. Baadaye Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alithibitisha jambo hilo kwa majaribio yake mwenyewe, na mbinu ya hatua ya nne hapa chini ni yake.

Ninaomba jambo moja tu: msiiruke hatua ya kwanza. Hili ni zoezi la kumbukumbu kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Daftari

Weka daftari na kalamu kando ya mto. Ukiamka usijigeuze, usishike simu. Tulia na macho yamefungwa, ujiulize: nilikuwa wapi sasa hivi? nilikuwa na nani? Kisha andika, hata kama umebaki na vipande tu: "soko, mvua, kiatu kimoja." Andika kwa lugha inayokuja upesi, iwe Kiswahili, Kinande, Kihavu au Kifaransa.

Baada ya majuma machache soma yote kwa pamoja. Utaona mambo yanayojirudia. Mwingine kila mara anachelewa boti ya Bukavu pale bandarini. Mwingine anaongea na babu aliyekwisha kufariki, na ndotoni hashangai hata kidogo. Mwingine amerudi shule ya msingi na sare imembana. Hizo ndizo alama zako, zipigie mstari. Nawasihi mkae sana hapa, maana hatua zote zinazofuata zinazitegemea.

Hatua ya 2: Kupima mchana

Mara kadhaa kwa siku simama ujiulize kwa dhati: je, sasa naota? Kisha pima. Ziba pua kwa vidole, funga mdomo, ujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni hewa mara nyingi hupita tu. Au chukua noti ya franka, soma namba yake, tazama pembeni, isome tena. Ndotoni maandishi na namba huwa vinabadilika ukivirudia.

Wengi hufundisha kipimo cha kuwasha taa, kwa kuwa ndotoni swichi mara nyingi haifanyi kazi. Kwa mji wetu nakikataa kabisa. Hapa unabonyeza swichi, giza linabaki, na uko macho kabisa, umeme umekatika tu. Akili ikishazoea hivyo, hata ndotoni itasema "umeme umeenda" na utaendelea kuota bila kushtuka.

Na msijipime kamwe kwa kuruka kutoka juu ya ukuta au ngazi. Pua inatosha.

Hatua ya 3: Saa

Usingizi wa ndoto nyingi, ambao wataalamu huuita REM, hurudi takriban kila dakika 90. Wa kwanza ni mfupi, ila kadiri asubuhi inavyokaribia unazidi kurefuka. Kwa hiyo ukilala saa nne usiku, tega saa ya kukuamsha saa tisa na nusu, kwa sauti ya chini ili usiamshe nyumba nzima. Kaa macho dakika chache hadi nusu saa, ukisoma daftari lako kwa mwanga hafifu. Usifungue WhatsApp. Kisha rudi kulala.

Hatua ya 4: Nia

Unaporudi kulala, ikumbuke ndoto uliyotoka kuiota. Tafuta ndani yake alama moja, tuseme yule babu. Jione umerudi pale pale, babu anakusalimia, nawe safari hii unashtuka: "Babu alifariki. Kumbe naota!" Huku ukijirudia moyoni: "Nikiota tena, nitakumbuka kuwa naota." Sema kwa Kiswahili chako cha nyumbani, "nikilota tena, nitajua niko nalota," mradi uwe unamaanisha. Akili ikitangatanga, irudishe taratibu. Usingizi ukuchukue ukiwa katika nia hiyo.

Hatua ya 5: Ukishajitambua

Usishangilie, furaha kubwa huamsha. Sugua viganja vyako, gusa ukuta, tazama mawe meusi chini ya miguu. Siku za mwanzo jaribu jambo dogo tu, kama kufungua mlango uone kuna nini. Kuruka angani kutakuja.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Himbi: Kaka, nilipojaribu hatua ya tatu niliamka siwezi kusogea, na nikahisi kitu kimenikalia kifuani. Ni roho mbaya?

Jibu: Pole sana dada. Si roho mbaya. Ni lile tunaloita jinamizi, na watu wengi hulipata hata bila mazoezi haya. Wakati wa REM ubongo huzuia misuli ili tusitende tunayoyaota, ndiyo maana Worsley alitumia macho, kwani yenyewe hayazuiwi. Wewe umeamka kabla kizuizi hakijaondoka. Usipigane nacho. Pumua polepole, jaribu kuchezesha kidole kimoja, kitapita. Likikurudia, acha hatua ya tatu na ulale vya kutosha.

Mama wa Majengo: Tangu volkano ya Nyiragongo ilipuke Mei 2021 naota moto unashuka na sioni watoto wangu. Hii inaweza kunisaidia?

Jibu: Mama, ahsante kwa kutuamini na jambo hili. Usianze kwa kuamka usiku. Anza mchana, umekaa na mtu unayemwamini: andika ndoto hiyo, kisha ibadilishe mwisho wake. Watoto wote wapo, mmeshikana mikono, mmefika Sake. Upitie mwisho huo mpya kila siku kwa dakika chache. Njia hii hutumiwa na wataalamu wa afya ya akili kwa ndoto za kutisha, na haihitaji kujitambua ndotoni. Ikitokea siku moja ukajua kuwa unaota, usiukimbie moto. Waite watoto kwa majina. Lakini kama hofu inakufuata hata mchana, au usingizi umekukimbia, tafadhali nenda Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili hapa Goma, ukaongee nao.

Kijana wa Katindo: Nina ndugu anayesikia sauti ambazo sisi hatuzisikii. Nimfundishe?

Jibu: Hapana. Mtu anayechanganya yaliyo kweli na yasiyo kweli asifanye mazoezi haya. Mpelekeni kwa daktari.

Motari wa Ndosho: Mimi natoka na pikipiki saa kumi na moja alfajiri. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, siku za kazi fanya hatua ya kwanza na ya pili peke yake, na vipimo ufanye umesimama ukingoja abiria, kamwe si ukiwa barabarani. Hatua ya tatu iache hadi usiku ambao kesho yake huendeshi.