Namna ya Kukagua Usalama wa Maduka na Nyumba za Mtaa kwa Kujitolea: Mwongozo kwa Vikundi vya Tabora

Kikundi cha kujitolea kinachotaka kukagua milango, madirisha na kuta za majirani kianzie kazi yake katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na polisi kata wapewe majina ya wakaguzi kwa maandishi, na kila mwenye nyumba au duka atie saini karatasi inayotaja siku, saa na sehemu zitakazoguswa. Mahali palipopangishwa, mwenye jengo naye aridhie. Sungusungu walianzia huku kwetu Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu wamezoea kulindana, lakini mazoea hayo hayampi mtu ruhusa ya kusukuma dirisha la mwenzake bila yeye kujua.

Jaribio la kushtukiza usiku lisifanyike kabisa, hata kama mwenye duka ndiye anayeliomba ili ampime mlinzi wake, kwa maana ukelele mmoja wa "mwizi!" pale Isevya au Ng'ambo huwatoa watu ndani na marungu mkononi, na hakuna atakayengoja kusomewa karatasi ya ruhusa. Hili nalisisitiza kwa sababu ni uhai wa mtu.

Wakaguzi waende mchana, wawili au watatu, na ikiwezekana awemo mwanamke. Wapige hodi, kisha wazunguke jengo pamoja na mwenyeji. Mji wetu una miembe mingi, na tawi lililoinamia ukuta au paa ni ngazi tayari. Baada ya hapo ndipo waufikie mlango. Wengi hukimbilia kutazama kufuli, nami naona wanakosea, kwani kufuli la bei kubwa halina maana likishikiliwa na kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu fupi ambazo vichwa vyake viko nje. Mwenye bisibisi hahitaji ufunguo. Mlango ukiwa umefungwa, mkaguzi aushike kwa mikono miwili na kuunyanyua taratibu: ukipanda kiasi cha komeo kuchomoka katika tundu lake, bawaba zimelegea. Katika nyumba za tofali zilizojengwa kwa tope, apapase pia kandokando ya fremu ya dirisha, kwa sababu tope likishamomonyoka, dirisha zima linaweza kung'olewa pamoja na nondo zake.

Maduka yaliyopangana chini ya paa moja yana udhaifu ambao wenyewe hawauoni wakiwa wamesimama kaunta. Mara nyingi ukuta wa kati huishia kwenye dari na haufiki kwenye bati, hivyo aliyeingia fremu, yaani chumba cha duka, iliyo dhaifu kuliko zote hutambaa juu ya dari na kushukia katika ile yenye mlango wa chuma. Mwenye duka aombwe kufungua sehemu ya dari, wakaguzi wamulike kwa tochi, na wakikuta uwazi huo wakutanishwe wapangaji wote wa jengo, kwa kuwa mmoja akiziba upande wake tu, pengo la upande wa pili linabaki. Kwa wakala wa fedha kwa simu, waulize pesa hulala wapi, bila kutaka kujua kiasi chake.

Nondo zisipendekezwe bila kufikiria moto. Chumba cha kulala ambacho dirisha lake limechomelewa lote, na mlango wake hufungwa kwa kufuli, huwafungia waliomo. Dirisha moja liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo wake uwe mahali ambapo hata mtoto anapajua, lakini mkono wa mtu aliye nje haupafikii.

Matokeo aelezwe mwenyeji peke yake, faraghani, kuanzia marekebisho ya gharama ndogo kama skrubu ndefu na kukata tawi, hadi yale ya kumwita fundi wa kuchomelea. Karatasi ya matokeo ibaki kwake. Picha zipigwe kwa simu yake mwenyewe, zisitumwe katika kundi lolote la WhatsApp, hata la kikundi chenyewe, kwani picha ya bawaba mbovu ikishasambaa inamwelekeza mwizi mlango wa kuingilia. Baada ya mwezi mmoja wakaguzi warudi, kwa ruhusa mpya, waunyanyue tena mlango uleule.