Kufunga kava za ubavuni ulizotengeneza mwenyewe: njia zinazodumu kwenye boda

Kava ya ubavuni ikivunjika kwenye Boxer au TVS, waendeshaji wengi huku Busia huiacha hivyo hivyo. Betri inabaki wazi, nyaya zinapigwa mvua, na vumbi jekundu la murram linajaa kuzunguka kasha la filta. Kutengeneza kava mpya si shida: bati la aluminiamu la milimita 1.5, au kipande kilichokatwa kwenye pipa la plastiki la buluu, vinatosha kabisa. Shida ni kuifunga ikae. Injini ya silinda moja hutetemesha fremu muda wote inapowaka, na kava iliyobanwa chuma kwa chuma hupasuka kuanzia kwenye tundu la bolti. Wengi wakiona hivyo huongeza bolti nene zaidi, na kava inapasuka mapema zaidi. Dawa ni raba. Kava ishikwe vizuri, lakini iachiwe nafasi ya kucheza kidogo.

Hatua ya 1: Kagua fremu

Osha pikipiki kwanza. Ukifungua betri, toa waya wa hasi kabla ya ule wa chanya, maana spana ikigusa fremu ukiwa kwenye chanya itapiga shoti. Kisha toa mabaki ya kava ya zamani na utafute vipete vidogo vilivyochomelewa kwenye fremu, vyenye raba ndani. Hapo ndipo vidole vya kava ya kiwandani, yaani vijiti vifupi vya kuishikilia, vilikuwa vinaingia. Kama vipete vipo na ni vizima, nusu ya kazi umeshafanyiwa.

Hatua ya 2: Kata mfano wa boksi

Chukua boksi gumu la karatasi, likate, lijaribishe ubavuni. Angalia kiki inapopita, pedali ya breki, goti lako, na mguu wa abiria. Usizibe mdomo wa kuvutia hewa wa filta. Injini ikikosa hewa itakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Mwambie mtu mzito akae nyuma arukeruke huku wewe ukitazama shokapu. Kama shokapu inafika kwenye boksi, itafika kwenye kava pia. Upande wa ekzosi, plastiki iwe mbali kabisa na bomba, kwa sababu plastiki ya pipa inalainika kabla hata ya kufika nyuzi 130.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kushikilia

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kutumia raba zilizopo. Chukua bolti ya M6 (unene wa milimita 6), ipitishe kwenye kava kutoka nje, weka washa pana na nati kwa ndani uikaze, halafu funga nati ya kofia kwenye ncha. Kichwa kile cha mviringo ndicho kidole chako kipya. Kujua mahali pa kutoboa, paka chokaa iliyolowa kwenye mdomo wa kila raba, sogeza kava taratibu hadi iguse, kisha iondoe: utaona alama za duara nyeupe upande wa ndani. Toboa katikati ya duara. Wakati wa kusukuma kidole ndani ya raba, tumia maji ya sabuni. Mafuta ya injini hufanya raba ya asili ivimbe na kulegea.

Kama vipete vimekatika, tengeneza klampu ya kukumbatia bomba la fremu. Zungushia bomba uzi, pima urefu wake, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 80 maana yake bomba lina kipenyo cha karibu milimita 25.5. Kunja ukanda wa chuma wa upana wa milimita 20 kwa kipimo hicho, ukiacha nafasi ya tyubu kuukuu ya pikipiki ndani yake. Masikio mawili ya klampu yasigusane kabla hujakaza. Acha milimita mbili au tatu kati yake, la sivyo utakaza nati na klampu bado itazunguka kwenye bomba.

Kuchomelea sahani ya chuma kwenye fremu nakushauri uache iwe njia ya mwisho. Kuta za bomba ni nyembamba, na joto hudhoofisha chuma palepale panapobeba mzigo. Ukilazimika, tangi la petroli litoke kabisa liwekwe mbali, betri ifunguliwe, CDI (kifaa cha umeme kinachoipa plagi moto) ichomolewe, na waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ushikwe karibu na unapochomelea. Kutoboa fremu usitoboe kamwe.

Kebo tai, vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya, ni za kukufikisha nyumbani tu. Ukizitumia, chagua nyeusi. Nyeupe jua linazikausha haraka.

Hatua ya 4: Panga raba na bushi

Hapa ndipo wengi wanaharibu, hivyo nenda polepole. Haya ni ya bolti zinazoingia kwenye klampu au sahani. Kata bushi fupi ya bomba dogo ambalo bolti ya M6 inapita ndani yake. Toboa kava tundu kubwa kidogo kuliko bushi. Kata duara za tyubu, moja ikae nje ya kava na nyingine ndani. Bushi iwe fupi kidogo tu kuliko unene wa raba mbili pamoja na kava. Ukikaza, nati itasimama juu ya bushi, raba zitabanwa kiasi, na kava haitapondwa hata ukaze kwa nguvu zote. Tumia nati yenye pete ya nailoni ndani, au nati mbili zilizokazana.

Funga sehemu tatu, zisizidi. Tundu moja liwe la duara, mengine mawili yawe marefu kama jicho la sindano. Plastiki ya urefu wa milimita 300 inaweza kurefuka milimita moja hadi mbili ikitoka kwenye baridi ya asubuhi hadi jua la mchana. Ikikosa pa kwenda itapinda katikati.

Ukitumia riveti kwenye plastiki, weka washa pande zote mbili. Gundi ya kawaida usijisumbue nayo, haishiki plastiki ya pipa.

Hatua ya 5: Jaribu

Rudisha betri, waya wa chanya kwanza. Washa injini, pandisha resi taratibu huku kidole cha mkono kikigusa ukingo wa kava. Mahali panapovuma, bandika kipande cha tyubu kati ya kava na fremu. Kaza tena bolti baada ya siku ya kwanza ya kazi, kwa kuwa raba mpya hubonyea.

Baada ya wiki moja toa kava utazame upande wa ndani. Kava inaposuguana na fremu, vumbi limefutika na rangi imeanza kung'aa. Punguza ukingo milimita tano hapo, lainisha kwa tupa, kisha uirudishe.