Jinsi ya kutengeneza programu yako ya kufuatilia mizigo na stoki

Watu wengi wakitaka programu ya stoki wanaanzia kwenye dashibodi. Wanachora ramani yenye vidoti vya malori, grafu, rangi za kijani na nyekundu, afu developa anaambiwa aitengeneze iwe hivyo hivyo. Miezi inapita, hela imeenda, siku ya kuhesabu stoo inafika, programu inasema 412 na rafu zinasema 380, na hamna mtu mwenye jibu la hizo 32 zimeenda wapi. Kwahiyo hapa naanzia chini kabisa, kwenye jinsi taarifa inavyoandikwa, grafu zitakuja zenyewe na wala sio kazi kubwa.

Ila kwanza jiulize kama kweli unahitaji ya kutengeneza. Odoo na ERPNext, programu za kuendesha biashara zilizokwisha tengenezwa, zipo, zina sehemu ya stoki, na ERPNext kodi zake (code, maandishi ya programu) ziko wazi unaweza ukaichukua ukaifunga kwenye seva yako. Kama una stoo moja au mbili, unanunua, unauza, basi chukua hizo, usijitese. Ya kwako inalipa pale mzigo unapokuwa na safari ya ajabu ajabu, unapita mikono mingi, unagawanywa njiani, unapakiwa upya, una tarehe ya kuisha muda, au mteja mkubwa anataka taarifa kwa mpangilio wake ambao hizo programu hazitoi bila kuzikata na kuzishona upya.

Ukishaamua, usifungue kompyuta bado. Chukua mzigo mmoja uufuate kwa miguu kuanzia kwa saplaya mpaka kwa mteja, na kila sehemu unapobadilisha mikono au unapobadilisha umbo (paleti inavunjwa kuwa katoni, katoni inafunguliwa) andika nani ameupokea, amesaini nini, na akikuta umepungua anafanyaje. Hapo muhimu sana ni stokipa. Kila stokipa ana daftari lake la pembeni ambalo bosi halijui, humo ndo kuna vitu kama "2 zimelowa, nimeweka nyuma" au "dereva kasema ataleta kesho". Mwombe kwa upole akuonyeshe. Lile daftari linakuambia programu inatakiwa ifanye nini kuliko kikao chochote, kwasababu kila mstari uliomo ni kitu ambacho mfumo wa zamani ulikataa kukipokea.

Sasa tuje kwenye roho ya mambo yote. Usiweke idadi ya stoki kama namba moja inayofutwa na kuandikwa upya. Unakuta databesi nyingi zina jedwali la bidhaa lenye kolamu ya idadi, mtu akitoa 10 inapunguzwa, akiingiza 5 inaongezwa, na siku namba ikikosewa hamna historia, imebaki namba tu inakukodolea macho. Badala yake andika mwendo. Kila kitu kikihama ni mstari mpya, mstari ukishaandikwa haufutwi wala haurekebishwi, ukikosea unaandika mstari mwingine wa kusahihisha. Baki ni jumla ya mienendo yote. Benki wanafanya hivyo hivyo, hawafuti muamala, wanaweka wa kurudisha, na ndo maana statement yako inasomeka hata baada ya miaka.

Chukua mfano huu. Stoo A imetuma katoni 40 za betri kwenda Stoo B. Mistari inakuwa hivi:

Stoo A → Njiani, 40, imetoka
Njiani → Stoo B, 37, imepokelewa
Njiani → Karantini ya Stoo B, 2, imeharibika

Karantini ni kona ya kutenga vilivyoharibika. Ona kwamba "Njiani" nayo ni stoo, haina ukuta wala paa lakini kwenye mfumo ni sehemu kama sehemu nyingine, na saivi ina baki ya katoni 1. Hiyo katoni haijapotea kimya kimya, ipo pale inakusumbua kila asubuhi kwenye ripoti ya vitu vilivyokaa njiani kupita muda wake, na ina jina la dereva na namba ya safari. Kesho yake mtu wa Stoo A anaikuta nyuma ya mlango, haikupakiwa kabisa, anaandika Njiani → Stoo A, 1, haikupakiwa. Njiani inarudi sifuri, hamna mtu aliyesingiziwa wizi na hamna namba iliyopikwa. Kwenye mfumo wa kufuta na kuandika, yule wa Stoo B angeandika 37, wa Stoo A angebaki na pungufu ya 40, na hizo 3 zingekuwa ugomvi wa mwezi mzima.

Kila mstari ubebe kitu gani, kiasi gani, kutoka wapi, kwenda wapi, lini, nani, na kwanini. Hilo la kwanini watu wanalirukaga afu wanajuta. GS1, lile shirika linalosimamia namba za bakodi duniani, wana kiwango chao kinaitwa EPCIS ambacho kimejengwa juu ya maswali hayo hayo, nini, lini, wapi, kwanini, kwahiyo ukikifuata toka mwanzo siku ukitaka kuongea na mfumo wa kampuni nyingine hauanzi kutafsiri upya. Kwenye "lini" weka nyakati mbili, saa kitu kilipotokea na saa kilipoingia kwenye seva, maana simu ya dereva inaweza kukaa bila mtandao masaa sita. Na zote zihifadhiwe kwa UTC (saa moja ya pamoja ya dunia nzima), kugeuza kuwa saa za mahali iwe kazi ya skrini tu.

Vipimo navyo ni balaa. Katoni ni ngapi? Mtu anajibu 24, na wewe unaandika kwenye bidhaa kwamba katoni ni vipande 24, halafu katikati ya mwaka kiwanda kinaanza kutoa katoni za 20 na stoki yako yote ya zamani inajihesabu upya vibaya. Hesabu kila kitu kwa kipimo kidogo kabisa unachouza, na idadi ya vipande iwe mali ya kifungashio, sio ya bidhaa. Katoni ya 24 na katoni ya 20 ni vifungashio viwili tofauti, na kwa utaratibu wa GS1 kila kimoja kinapata GTIN yake, yaani namba ya bakodi inayokitambulisha.

Usijitungie namba kama tayari kuna namba duniani. Bidhaa ina GTIN. Paleti au mzigo uliofungwa pamoja unapewa SSCC, namba ya mzigo huo yenye tarakimu 18, hiyo ndo unaiskani mara moja badala ya kuskani katoni sitini moja moja. Bandari na miji ina UN/LOCODE, kifupi cha mahali cha herufi tano kinachotumika kimataifa, NLRTM ni Rotterdam, CNSHA ni Shanghai, itumie na hautakuwa na Shanghai iliyoandikwa kwa namna nne kwenye databesi moja. Na kontena lina namba yake ya ISO 6346, herufi nne, tarakimu sita na moja ya mwisho ya kukagua.

Hiyo ya mwisho wengi hawaitumii na ni zawadi ya bure. Mfano CSQU3054383. Kila herufi ina thamani yake, A ni 10, B ni 12, unaendelea hivyo ukiruka 11, 22 na 33, kwahiyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Ya kwanza unazidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, 8, 16, inajirudufu hivyo mpaka ya kumi ambayo ni 512. Unajumlisha unapata 6185, ukigawa kwa 11 inabaki 3, na tarakimu ya mwisho ni 3, imekubali (ikibaki 10 inahesabika 0). Ni mistari michache ya kodi, iweke kwenye fomu, karani akipishanisha tarakimu mbili programu inamwambia hapo hapo kabla kontena halijatafutwa kwenye meli isiyo yake.

Tukija kwenye simu za kuskani, chukulia mtandao haupo. Sio "ukikatika", haupo. Ghala limejaa vyuma, mzigo mrefu, ukuta mnene, simu inapoteza na kupata. Kwahiyo simu iandike mwendo kwenye memori yake kwanza, imwonyeshe mtu kwamba imepokea, afu itume yenyewe baadae. Shida inayokuja ni hii, simu inatuma, seva inapokea, jibu linapotea njiani, simu inadhani haijafika inatuma tena, na katoni 40 zinakuwa 80. Dawa yake ni kila mwendo upewe kitambulisho chake cha kipekee na simu yenyewe pale pale unapoandikwa, seva ikiona kitambulisho inachokijua inajibu "nimeshapata" na haiongezi kitu. Hii fanya toka siku ya kwanza, kuja kuipachika baadae ni maumivu.

Kuna na baki zaidi ya moja, hapa wauzaji na watu wa stoo ndo wanagombana. Iliyopo rafuni, iliyoahidiwa kwa oda lakini bado haijatoka, inayoweza kuuzwa (ambayo ni ya kwanza toa ya pili, na toa iliyoko karantini), na inayokuja. Ukionyesha namba moja tu iliyoandikwa "stoki" kila mtu ataisoma anavyotaka. Na oda mbili zikigombania kipande cha mwisho kwa sekunde moja, databesi iufunge mstari wa ile bidhaa kwa anayetangulia mpaka amalize, kama unatumia PostgreSQL (aina ya databesi) hiyo kazi inafanywa na amri ya SELECT FOR UPDATE, usijaribu kuipanga mwenyewe kwenye kodi.

Je baki iruhusiwe kushuka chini ya sifuri? Wahasibu watasema hapana kabisa. Mimi nasema kwenye oda ikatae, ila kwenye stoo iruhusu na ipige kelele. Mtu ameshika katoni mkononi, programu inamwambia haipo, lori linasubiri, unadhani atafanya nini? Ataskani bidhaa nyingine inayofanana ili apite, na hapo umepata makosa mawili badala ya moja. Baki hasi ni dalili kwamba kuna mapokezi hayajaandikwa, iache ionekane afu mtu aifuatilie siku hiyo hiyo.

Tarehe ya kufika nayo isifutwe na kuandikwa upya. Machi 23, 2021 meli ya Ever Given ilikwama Suez ikaziba mfereji mpaka tarehe 29, na ghafla tarehe za mamia ya meli zikabadilika. Kampuni yenye kolamu moja ya tarehe ya kufika inabaki na tarehe ya mwisho tu, haijui mwanzo iliahidiwa nini, nani alibadilisha, na mteja aliambiwa lini. Weka kila makadirio kama mstari, na chanzo chake. Kwenye kufuatilia meli yenyewe kuna AIS (mtambo wa redio ambao meli inatangazia iko wapi), ambayo kwa sheria za kimataifa meli za kuanzia tani 300 za ujazo zinazosafiri nchi hadi nchi lazima ziwe nayo, na kuna makampuni yanauza data hizo kwa API, njia ya programu moja kuvuta data kutoka nyingine. Inakuonyesha meli iko wapi, haikuambii kontena lako limo au liliachwa bandarini, hilo linatoka kwa mwenye meli.

Backup usiifanyie mzaha. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliangusha mifumo ya Maersk, moja ya kampuni kubwa kabisa za kontena duniani, na sehemu muhimu ya mtandao wao ilikuja kurudishwa kutoka kwenye mashine iliyokuwa Ghana, iliyopona kwasababu umeme ulikuwa umekatika na kirusi hakikuifikia. Wewe usitegemee umeme kukatika. Nakala moja ikae mahali ambapo seva yako haina ruhusa ya kufuta, na mara kwa mara ijaribu kuirudisha kwenye mashine tupu uone kama inawaka. Na stoo iwe na fomu za karatasi zenye safu zile zile za mwendo, mfumo ukilala kazi iendelee afu mje kuingiza.

Kuhusu kuwasha, chagua msimu wa kazi chache. Hershey, kampuni ya pipi na chokoleti ya Marekani, mwaka 1999 waliwasha mfumo wao mpya wakati oda za Halloween (sikukuu ya Oktoba ambayo pipi zinauzika sana) zimeanza kumiminika, wakashindwa kupeleka oda za thamani ya kama dola milioni 100 huku pipi zipo stoo. Anza na stoo moja, tena isiwe ile rahisi kuliko zote, maana haitakufundisha kitu. Jioni funga milango, hesabu kila kitu kwa mikono, watu wawili wawili, mmoja anahesabu mwingine anaandika bila kuona namba ya zamani. Hesabu hiyo iingie kama mwendo wa kwanza, kutoka "Mwanzo" kwenda rafu fulani. Excel ya zamani ifanywe ya kusoma tu usiku huo huo, usiiache wazi hata kwa wiki moja "kwa usalama", watu watarudi huko.

Baada ya hapo usisubiri mwaka uishe ndo uhesabu. Kila siku programu ichague rafu chache, zile za bidhaa zinazotembea sana au za bei kubwa zijirudie mara nyingi, zilizolala zihesabiwe mara chache, na tofauti yoyote iandikwe kama mwendo wenye sababu. Sababu ziwe chache za kuchagua, sita au saba zinatosha, na kuwe na "sijui". Mwisho wa mwezi panga tofauti zote kwa sababu na kwa zamu, ukiona "sijui" imejaa kwenye mlango mmoja na zamu moja, nenda kasimame pale uangalie mzigo unavyopokelewa.