Nyumba Inapitisha Joto? Anza Darini, Usianze Dukani

Mimi ni fundi wa dari na paa. Mara nyingi naitwa kwenye nyumba ambayo imeshawekewa kihami joto (nyenzo ya kuzuia joto lisipite) kizuri tu, lakini wenyewe bado wanalala kwa jasho au kwa kutetemeka. Ukikagua unakuta kihami hakina kosa lolote. Hewa inapita pembeni yake. Kwa hiyo tafuta kwanza inakopita, manunuzi yatafuata.

Hatua ya 1: Chunguza

Chagua saa ambayo ndani na nje pana tofauti kubwa: mchana jua linapowaka, au alfajiri ya baridi. Gusa dari kwa kiganja, kisha gusa ukuta unaotenganisha vyumba viwili. Ikiwa dari ni ya moto zaidi ya ukuta huo, au baridi zaidi yake, paa linakushinda. Kipimajoto cha miale, kile kinachopima bila kugusa, kinarahisisha kazi, ila usikielekeze kwenye kitu kinachong'aa kama alumini, kitakudanganya. Bandika kipande cha mkanda wa karatasi juu yake, upime hapo.

Sasa tafuta hewa. Bana karatasi kwenye mlango au dirisha, funga, kisha ivute. Ikichomoka bila kukwama, pana upenyo. Sehemu nyingine washa kijiti cha udi (mbali na mapazia) na ukipitishe polepole kwenye soketi, palipopita mabomba, pembe za dari na hasa mfuniko wa kupandia darini, ambao karibu kila mtu huusahau. Moshi ukiyumba, weka alama kwa penseli.

Ukungu kwenye pembe ya ukuta wa nje, au nyuma ya kabati, nao unasema kitu: ukuta pale ni baridi kiasi kwamba unyevu wa chumba unageuka maji. Lakini usiharakishe. Doa linalokua kila baada ya mvua ni la paa linalovuja. Ziba paa kwanza, maana kihami kilicholowa hakizuii tena joto.

Hatua ya 2: Ziba hewa

Nyufa nyembamba zibe kwa silikoni, matundu makubwa povu la kujazia, milango na madirisha mpira wa pembeni. Kwenye bomba la moshi usitumie povu la kawaida, linaungua. Tumia kizibio kinachostahimili moto.

Hapa naomba unisikilize vizuri: chumba chenye jiko au hita ya gesi, kuni au mkaa, usizibe matundu yake ya kupitishia hewa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Hatua ya 3: Weka kihami darini

Nyumba ikiwa ya zamani na darini kuna vifaa usivyovijua, usivishike wala kuvifagia. Huenda ni asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake linadhuru mapafu. Mwite mtaalamu.

Kinachozuia joto kwenye pamba ya kioo (kihami cha nyuzi laini za kioo) ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Ndiyo maana sentimita 10 za pamba hiyo zinazuia joto zaidi kuliko mita 2 za zege. Na ndiyo maana pia ukiishindilia ili iingie mahali pembamba umeiharibu. Ikate kwa kisu kirefu, ilale yenyewe kati ya mbao bila mwanya. Tabaka la pili lipite juu ya mbao, likikatiza la kwanza.

Vaa barakoa, miwani na glavu. Kanyaga mbao tu, dari haitakubeba. Nyaya za umeme zisifukiwe, na taa zilizozama darini ziachiwe nafasi kama maelekezo yake yanavyosema, kwa sababu zikikosa pa kutolea joto zinaweza kuwasha moto. Acha pia njia ya hewa kwenye kingo za paa.

Chini ya mabati kwenye joto kali mimi napendelea foili (karatasi ya alumini inayong'aa), kwa sharti moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: upande unaong'aa utazame chini, na chini yake pawe na nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2. Ukiutazamisha juu, vumbi litaufunika. Ukiibandika foili ikagusa vitu pande zote mbili, joto linapita moja kwa moja.

Kwenye baridi kali, nailoni ya kuzuia mvuke huwekwa upande wa chumba, chini ya kihami.

Hatua ya 4: Kuta na madirisha

Kuta ni gharama, ziache mwisho. Madirisha yanayopigwa na jua yawekee kivuli kwa nje. Pazia la ndani linalizuia jua likiwa limeshapita kioo.

Baada ya hapo rudia vipimo, saa ileile na hali ya hewa ileile. Mstari mmoja wa ukuta ukibaki baridi wakati kwingine kumetengemaa, huenda kuna nguzo au boriti ya zege inayopitisha joto hadi nje, na hiyo hufunikwa kwa kihami cha upande wa nje.