Panga au shoka? Angalia pia kinachobaki baada ya kukata

Msimu wa kuandaa mashamba ukikaribia, swali ni lile lile: mwenye fedha ya zana moja anunue panga au shoka? Wengi hujibu kwa mazoea ya kwao. Pwani, ambako kazi kubwa ni kufyeka vichaka na majani, utaambiwa panga. Tabora na Katavi, kwenye misitu ya miti ya miyombo, utaambiwa shoka, na anayekuambia huenda amelitundika begani wakati huo huo. Wote wana haki, ila wanaangalia kile kinachoanguka tu. Mimi humshauri mkulima aangalie pia kinachobaki shambani: kisiki, kidonda kwenye shina, na chipukizi litakalotoka hapo.

Tuanze na unene, maana ndio unaoamua mengi. Mti mbichi wa unene wa kidole gumba, panga lenye makali huukata kwa pigo moja la mshazari. Ukifika unene wa kifundo cha mkono, sentimita 5 au 6 hivi, panga bado linaweza lakini kwa mapigo mengi. Kupita hapo, anayeng'ang'ania panga anauchosha mkono bure. Panga la kawaida ni bamba la chuma la urefu wa sentimita 40 na kitu, unene wa milimita 2 au 3, na uzito wake unazunguka nusu kilo. Linakata kwa kasi ya mkono. Shoka uzito wake uko kichwani, kilo moja hadi mbili, na nyuma ya makali kuna mwili mnene unaosukuma mti kando kadiri linavyozama. Ndiyo maana shoka hupasua kuni, na panga hunasa katikati ya gogo ukabaki unalivuta.

Ukavu nao una neno lake. Mkambala mkavu au mpingo uliokufa humrudishia mwenye panga pigo mkononi, na makali yakatoka mapengo. Mti wa namna hiyo ni wa shoka hata kama ni mwembamba.

Kwenye magugu marefu, miba na miti michanga panga halina mpinzani, labda kwanja pale penye nyasi tupu pasipo mawe wala visiki. Mkono usioshika panga usishike majani unayokata. Ushike upembo, ule mti wenye ndoano, uvute kichaka kwako nao. Vidole vitabaki mbali, na kama kuna nyoka ataguswa na mti kabla hajakugusa wewe. Watu wakifyeka kwa safu, waachane nafasi ya urefu wa mkono na panga lake, tena mara mbili, kwa sababu mpini ulioloa jasho huteleza.

Kuna jambo wafyekaji wengi hawalijali. Panga hukata mshazari, na mti mchanga uliokatwa mshazari kwa urefu wa goti huacha ncha iliyochongoka. Siku hiyo inaonekana. Baada ya mvua, nyasi zikishaifunika, hukutana na unyayo wa mtoto, ukwato wa ng'ombe wa kulimia, au tairi la pikipiki. Kwa hiyo inama, kata usawa wa ardhi, au upite tena siku hiyo hiyo na shoka umalizie. Mgongo utalalamika, lakini kupita nyasi zikiwa zimeshaota ni kazi mara mbili.

Shoka nalo lina aina zake, na hapa wanunuzi wengi hawaulizi. La mhunzi wa kijijini, ambalo mara nyingi hufuliwa kutoka kwenye springi chakavu ya gari, lina mkia mwembamba unaopenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Tundu lake huchomwa kwa mkia wenyewe ukiwa wa moto. Kila ukipiga, mkia unazidi kujikaza, kwa hiyo ni nadra kichwa kuruka. Udhaifu wake ni kwamba siku moja mkia utaupasua mpini, hasa kama kichwa cha mpini kilichongwa chembamba. Ukiona ufa unaanza, chonga mwingine. La dukani ni kinyume: mpini ndio unaoingia kwenye tundu la chuma, na unashikiliwa na kabari. Kiangazi mti wa mpini husinyaa, kabari inalegea, na hapo kichwa kinaweza kuchomoka kikiwa hewani. Watu hulitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi linakaza kweli, lakini likikauka linalegea kuliko mwanzo. Gonga kabari mpya. Kwa mpini, mkole na mpera ni miti mizuri kwa sababu hunyumbuka bila kuvunjika haraka. Chagua kipande ambacho nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka juu hadi chini, ukikaushe kivulini kabla ya kukichonga.

Unapotumia shoka, usimame miguu ikiwa imeachana, na uwaze mahali litakapokwenda endapo utakosa. Kuni zipasuliwe juu ya gogo pana, ili shoka likipitiliza liishie kwenye gogo na si kwenye muundi. Ukikata mti uliolala, simama upande mmoja wa shina na ukate upande wa pili.

Sasa turudi kwenye kisiki. Miti mingi ya miyombo, na mingi ya nyanda kame za Dodoma na Singida, haifi ukiikata. Huchipua kisikini na kwenye mizizi. Hiyo ndiyo faida inayotumika katika mbinu ya kisiki hai, ambapo mkulima hapandi miche mipya bali hulea machipukizi ya visiki vilivyomo shambani mwake. Hapa aina ya zana inaonekana hadi miaka ya mbele. Panga butu kwenye shina nene hupiga mara nyingi bila mpangilio, gamba linatengana na mti, na machipukizi yanayotoka chini ya gamba lililolegea hubanduka kwa upepo. Shoka lenye makali huacha kisiki kifupi, laini, chenye mteremko unaomwaga maji. Machipukizi yakishatoka, zamu inarudi kwa panga jepesi: chagua matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, ondoa mengine, kisha pogoa matawi ya nusu ya chini ya yale uliyoyabakiza. Kata kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu, tawi huanguka na ukanda wa gamba la shina.

Kabla hujakata mti wa asili wowote, hasa mpingo na mninga, pita ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu. Ipo Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002, na kuwa na shamba hakukuondolei wajibu wa kibali.

Kuna kazi ambazo jibu si panga wala shoka. Kupogoa mikorosho ni mojawapo. Kusini bado utaona mkorosho umekatwa matawi kwa panga, vidonda vimechanikachanika, utomvu unatoka, na wadudu wa shina hawachelewi mahali kama hapo. Tumia msumeno. Tawi zito likate kwa hatua: kwanza chini yake, theluthi ya unene, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha juu, mbele kidogo ya ule mkato wa kwanza, lianguke bila kuchana, mwisho ondoa kisiki cha tawi karibu na shina bila kukwangua ule uvimbe wa shinani pale tawi linapoanzia, maana hapo ndipo kidonda kinapoanzia kufunga.

Kwenye migomba panga linahitaji hadhari zaidi kuliko popote. Mnyauko wa bakteria, ambao wakulima wa Kagera wanaujua kwa jina la unyanjano, husambaa pia kwa zana. Ukikata shina la mgomba mgonjwa utaona ute wa manjano ukitoka. Ute huo ukibaki kwenye panga, mgomba usio mgonjwa unaofuata umeshaambukizwa, nawe unadhani unasafisha shamba. Ua dume liondolewe kwa mti wenye panda, unalivunja kwa kulizungusha mara tu chana ya mwisho ikishatoka, bila chuma kabisa. Pale ambapo lazima ukate, pitisha panga kwenye moto hadi lisishikike, au litumbukize kwenye jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa sehemu 5. Fanya hivyo kutoka mgomba hadi mgomba. Kusubiri hadi mwisho wa siku hakusaidii. Jiki hula chuma, kwa hiyo jioni lisuuze, likaushe na kulipaka mafuta. Na panga la kuazima lisiingie mgombani kabla ya kupita kwenye moto, hata kama mwenye nalo ni shemeji.

Kuhusu kunoa nitakuwa mfupi. Tupa ndiyo zana yake. Panga linolewe jembamba, shoka liachwe nene kidogo ili makali yasikunjike. Fundi mwenye gurudumu la umeme ni wa haraka, lakini akikandamiza bila maji chuma kinapata joto, makali yanageuka rangi ya samawati, na sehemu hiyo imekwisha: imelainika, haitashika makali tena hadi uikwangue yote. Mwombe achovye kila mara, au mpelekee mwingine.

Dukani, kunja panga kidogo ukiliegemeza kwenye goti uone kama linarudi kunyooka. Tazama ribiti za mpini zisiwe na mwanya. Pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitatoka mapengo, ikizama bila kukwaruza, ni laini na utanoa kutwa. Shoka la tundu litazame kwa mbele, makali yawe kwenye mstari mmoja na mpini.

Na mwenye fedha ya zana moja? Kama shamba lako ni la zamani, lenye magugu na machipukizi, nunua panga, na chenji ununulie tupa. Shoka utaazima kwa jirani kwa siku chache unazolihitaji. Kama una visiki vya kulea, miti ya nguzo, au kuni za kupasua mwaka mzima, fedha iende kwenye shoka, maana panga la kufyekea huenda tayari unalo nyumbani, limekosa kunolewa tu.