Kuhami joto kwenye basi la shule lililogeuzwa la kambi: anza na paa

Jua la ikweta linapiga basi kutoka juu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri liko karibu na utosi, na bati la paa ndilo linalolipokea lote. Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi: wanaanza na sakafu, wanajaza kuta, wanafikiria theluji. Ukiyafuata hapa Uganda utamaliza pesa na bado utatoka jasho usiku wa kwanza katika hifadhi ya Kidepo. Basi linalolala nje mara moja moja linahitaji paa lililohamiwa vizuri, madirisha yanayofunikika na hewa inayopita. Kuta na sakafu zinafuata baadaye, na pesa zikipungua ziache.

Vipimo vilivyomo humu ni vya Toyota Coaster ndefu, yenye urefu wa karibu mita 7 na upana wa mita 2, kwa sababu ndiyo basi la shule lililo rahisi kupatikana likiwa limechoka kwa bei inayovumilika. Paa lake kwa ndani ni takriban mita za mraba 12. Kwa basi kubwa la Isuzu, pima upya.

Vua kila kitu, kisha mwaga maji

Toa viti, dari ya kiwandani na kapeti ya plastiki ya sakafu. Juu ya dari utakuta blanketi jembamba la nyuzi, mara nyingi limelowa na kuoza, litupe. Nyaya za taa zinapita humo humo, kwa hiyo zipige picha na uziwekee alama ya utepe kabla hujasahau zinakoelekea.

Sasa mwagia paa maji ya mpira kwa nusu saa, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Angalia mishono ya bati, vibanio vya kariya na pembe za mipira ya madirisha. Hatua hii hairukwi, maana ukishafunika uvujaji kwa kihami, maji hayatadondoka tena mahali unapoyaona. Yatatembea juu ya kihami na kulisha kutu kimyakimya. Ni vizuri kupanga kazi hii kati ya Juni na Agosti au Desemba na Februari, kabla ya mvua kubwa.

Mishono izibe kwa gundi ya poliyurethani ya magari. Usitumie silikoni inayonuka siki: hiyo hutoa asidi inapokauka na hula chuma kilicho wazi, kwa hiyo unaziba tundu na kuotesha kutu pembeni yake.

Kutu isugue kwa brashi ya waya au grainda hadi chuma king'ae, futa vumbi, kisha paka praima ya kuzuia kutu mara mbili. Tundu linalopitisha kidole lichomelewe kiraka. Kabla welda hajawasha mashine, chomoa vichwa vyote viwili vya betri na uhakikishe hakuna stairofomu wala sponji ndani ya basi. Uchomeleaji wote umalizike kabla ya kihami kuingia.

Rangi nyeupe kwanza

Hakuna kazi rahisi kuliko hii wala inayolipa kuliko hii. Rangi nyeupe safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ilhali paa lenye rangi nzito huunyonya karibu wote na linaweza kufika nyuzi 70. Joto hilo linalainisha gundi na kukaribia kikomo cha stairofomu yenyewe. Paka tabaka mbili za rangi ya mafuta ya nje, na ulioshe paa kila baada ya safari ndefu: vumbi jekundu la murram (barabara ya udongo isiyo na lami) likilala juu, rangi yako si nyeupe tena.

Kihami chenyewe

Chukua stairofomu ngumu iliyobanwa, ile yenye uso laini na isiyomeguka punje ukiikwangua. Ile nyeupe ya punje inafanya kazi pia lakini hunywa maji zaidi na hulia kwenye mitikisiko. Ubao wa milimita 25 wa hiyo ngumu unazuia joto sawa na plaiwudi ya unene wa sentimita 10. Blanketi la nyuzi za glasi liache kwa nyumba. Ndani ya gari linalotikisika hushuka chini na kushika unyevu. Sponji ya godoro usiiguse kabisa: inanyonya maji na inawaka haraka.

Kwa paa utahitaji ubao tano za mita 2.4 kwa 1.2 ikiwa unene ni milimita 25. Paa la Coaster limepinda kuelekea pembeni, na ubao wa 25 haukubali kupinda bila kuchanwa. Ukipata wa milimita 12, nunua kumi na uweke tabaka mbili, viungo vya tabaka la pili visikae juu ya viungo vya kwanza. Ukiwa na wa 25 tu, chana kwa kisu nusu ya unene kila sentimita 10, upande utakaotazama bati, kisha upinde taratibu.

Kata vipande vya kuingia kati ya mbavu za paa kwa kubana kidogo, uvigandishe moja kwa moja kwenye bati. Usiache nafasi ya hewa kati ya bati na stairofomu. Pumzi yenye unyevu ikipenya hapo usiku wa baridi, itageuka maji kwenye chuma.

Suala la gundi limeharibia watu wengi kazi. Gundi ya manjano ya mafundi viatu huyeyusha stairofomu. Utaona shimo likijichimba mbele ya macho yako. Jaribu gundi yoyote kwenye kipande kilichobaki na usubiri saa moja. Povu la kopo linalovimba ndilo linalofaa hapa: nyunyizia bati maji kidogo, piga mistari myembamba, shikilia kipande kwa fito hadi kishike. Lipige kwa kiasi, maana likijazwa kwenye nafasi finyu linasukuma bati jembamba na kuacha uvimbe unaoonekana nje. Na vaa glavu, kwa sababu halitoki mkononi kwa sabuni yoyote.

Mapengo madogo yajaze kwa povu hilo hilo. Usilipige ndani ya matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya kuta. Hayo yakizibwa, basi litaoza kuanzia miguuni.

Foili na dari

Foili ya mapovu, yaani plastiki ya mapovu ya hewa iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, inauzwa kwa roli za upana wa mita 1.2. Paa linachukua mita 10 hivi. Watu wengi huibana kati ya stairofomu na plaiwudi wakidhani imefanya kazi. Foili hufanya kazi ikiwa imetazamana na hewa tu. Ikibanwa pande zote mbili inakuwa karatasi ya kupitisha joto.

Itandaze chini ya mbavu, upande unaong'aa ukitazama chini, viungo vilalane sentimita 5 na vizibwe kwa utepe wa alumini. Hapo inafunika pia mbavu, ambazo ni chuma na ndizo njia kuu ya joto iliyobaki, na inazuia pumzi isifike kwenye bati. Kisha funga fito za mbao za milimita 20 kwenye mbavu kwa skrubu za chuma, ukiweka kipande cha mpira kati ya fito na foili. Skrubu za milimita 32 zinatosha. Ndefu mno zitatoboa paa pembeni, ambako mbavu ni fupi. Juu ya fito piga plaiwudi ya milimita 4. Kwa jumla unapoteza kama sentimita 3 za urefu chini ya mbavu, na katika Coaster hilo mtu mrefu atalihisi.

Usiache stairofomu wazi bila dari. Ikishika moto, moshi wake ni mbaya kuliko miali, na mlango wa dharura lazima ubaki unafunguka.

Madirisha

Basi la shule ni vioo vitupu: Coaster ina karibu mita za mraba 10 ukijumlisha kioo cha mbele. Kata foili ya mapovu kubwa kuliko kila kioo kwa sentimita 1 kila upande ili ijibane yenyewe, upande unaong'aa nje, na uandike namba nyuma yake. Nunua mita 10 zaidi kwa kazi hii. Kivuli cha nje kinashinda cha ndani, kwa kuwa jua likishapita kioo joto limeshaingia. Turubai upande wa jua, au hata mkeka wa mafunjo ulioning'inizwa sentimita 10 kutoka ubavuni, unasaidia sana.

Mahali pa kuegesha pia ni kihami. Elekeza pua ya basi mashariki, ili pande ndefu za basi zitazame kaskazini na kusini. Kioo kikubwa kitapata jua la asubuhi ambalo bado ni pole, na mgongo mfupi utapokea lile kali la alasiri.

Injini, sakafu, hewa

Injini ya Coaster iko mbele, karibu na dereva, na kifuniko chake hupika miguu. Hapo stairofomu ni marufuku. Tumia pamba ya mwamba (nyuzi za mawe zisizoshika moto) yenye foili, iliyofungwa kwa waya. Sakafu inatosha povu gumu la milimita 10 la mikeka ya mazoezi, plaiwudi ya milimita 12 juu yake, kisha kapeti ya plastiki. Faida yake kubwa ni kupunguza kelele na vumbi.

Watu wawili waliolala hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho usiku mmoja. Ukipiga kambi Bunyonyi au Kapchorwa, ambako usiku kuna baridi, maji hayo utayaona kwenye vioo. Acha matundu mawili wazi: moja chini karibu na mlango, jingine juu ya paa au dirisha la nyuma, yote yakiwa na wavu wa mbu. Sigiri isiingie ndani hata kama mkaa umebaki majivu na mvua inanyesha. Basi lililozibwa vizuri hukusanya hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

Baada ya safari ya kwanza kwenye murram, kaza skrubu zote za dari na ufungue ubao mmoja juu ya mlango wa nyuma. Ukikuta kichwa cha skrubu kina kutu au foili ina matone upande wa juu, kuna kiungo cha utepe kilichoachia karibu. Kitafute kwa mkono na ukizibe kabla ya kurudisha ubao.