Jinsi ya kuandika riwaya ya siri za familia kwa vijana: iweke Kibosho, iweke Desemba

Siri za familia zetu huku Moshi, kama za Kibosho mlimani Kilimanjaro, watu wazima wote wanazijua, mpaka katekista na jirani wa ng'ambo ya mfereji, asiyejua ni mtoto mwenyewe tu. Ukianza na hilo kazi inakuwa nyepesi, maana hutahangaika kutafuta sanduku lenye kufuli wala barua ya marehemu (tafadhali sana, barua ya marehemu tumechoka nayo), kazi yako ni moja tu, kumfanya mtu aseme kitu alichonyamazia miaka kumi na saba.

Kwa hiyo kabla hujaandika sura ya kwanza andika uongo wenyewe kwenye karatasi, nani alidanganya, lini, na alikuwa anaogopa nini. Hapo kwenye kuogopa ndo wengi wanaharibu, wanaweka siri halafu haina sababu. Tuchukue mfano wa binti tumuite Neema, kazaliwa 2007, yuko form five, yule anayemuita dada mkubwa kumbe ndo mama yake mzazi, na anaowaita baba na mama ni babu na bibi. Kwanini walificha? Sababu 2007 mwanafunzi akipata mimba shule imeisha, kurudi kwenye mfumo wa kawaida kuliruhusiwa Novemba 2021, sasa piga hesabu, familia ikasema mtoto ni wa bibi, dada akahamishiwa shule Tanga akaendelea kusoma kama hakuna kilichotokea. Umeona? Hakuna mtu mbaya hapo, walikuwa wanaokoa maisha ya binti wao, na ndo maana kusema ukweli kunawauma.

Muda uwe Desemba. Wachagga wote wanapanda mlimani, Dar inabaki nyeupe, nyumba moja inajaa mashangazi, baba wadogo, watoto wa mjini wasiojua kukata majani ya ng'ombe, na wote wataondoka mwaka mpya ukishaingia. Yani una siku chache tu na mashahidi wote wako uwanja mmoja. Hata taharuki hutaitafuta, kalenda inakufanyia.

Sasa dalili. Nzuri kuliko zote ni ile inayosema kweli halafu msomaji anaielewa vibaya. Mfano damu: babu anafanyiwa upasuaji, familia inaambiwa ichangie, kwenye mazungumzo Neema anasikia babu ni O na bibi ni O, halafu anakumbuka fomu yake ya afya ya kujiunga form five imeandikwa B. Genetiksi kasoma form four, wazazi wawili wa O hawapati mtoto wa B. Atafikiri nini? Aliokotwa, au bibi alichepuka! Mwache aamini hivyo sura tano nzima, amnunie bibi, amchunguze kila mzee wa kijijini, wakati dada naye ni O na hiyo B imetoka kwa baba ambaye hata jina lake halijatajwa bado. Dalili ileile, jibu jingine kabisa.

Nyingine ziwe ndogondogo: cheti cha ubatizo kinasema kabatizwa parokia moja ya Tanga na bibi hajawahi kuishi Tanga, picha za shule za dada zinaruka mwaka mzima.

Halafu jamani msimpeleke mtoto kupima DNA kama anaenda kununua vocha. Tanzania kuna sheria ya vinasaba ya 2009, na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hauingii mwenyewe tu na kijiti mkononi, ombi linapitia kwa watu kama mahakama, polisi, wakili au ustawi wa jamii. Ukiweka kipimo rahisi msomaji wa huku atakucheka, na isitoshe umejiulia hadithi mwenyewe.

Shida kubwa zaidi ni mahojiano. Mpelelezi wa sinema anauliza maswali, mtoto wa Kibosho akimuuliza shangazi "mimi ni wa nani?" anajibiwa na kofi au anatumwa maji. Mpe njia za kwetu. Amenye ndizi za mtori na wanawake jikoni, akae kimya, watu wakizoea wanajisahau. Amsubiri baba mdogo kata ya tatu ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Na wazee wakitaka kuongea siri wanahamia Kichagga, Neema kakulia Pasua, Moshi mjini, hasikii kitu, basi arekodi kwa simu, ila hawezi kumpa rafiki yake wa Rombo amtafsirie maana Kichagga cha Rombo na cha Kibosho kila mtu na lake, inabidi atafute mtu wa huohuo Kibosho, na mtu huyo lazima atakuwa ndugu au jirani. Hapo siri inaanza kuvuja, mpelelezi naye sasa anachunguzwa.

Ukweli ukitoka usifunge kitabu, zimebaki kama sura nne na ndo tamu. Jina la ukoo atabaki nalo? Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, je, maana nyumba ya baba kwa kawaida anabaki nayo kitinda mimba wa kiume, kwa hiyo baba mdogo mmoja anaweza kushangilia kimoyomoyo kwamba huyu binti si mtoto wa mzee, hana cha kudai. Na kesho asubuhi akikutana na dada kwenye korido, ile shikamoo anaitoaje? Usiwakumbatishe haraka, waache waoneane aibu kwanza.

Ukimaliza mpe kijana wa miaka kumi na sita asome, usimuulize kama ni nzuri, atakudanganya, muulize alijua sura ya ngapi. Akisema ya pili, toa zile picha za shule, zipeleke mbele baada ya damu.